Kuhusu mwandishi Mfaransa na Wahindu

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie François Gautier, Mfaransa aliyekuwa mwandishi wa gazeti la Kifaransa la Le Figaro nchini India, na aliyeishi Auroville, mji wa jumuiya ya watu wa mataifa mbalimbali karibu na Pondicherry, kusini mwa India. Bwana huyu hakubaki mtazamaji. Alijitosa waziwazi kuwatetea Wahindu, hasa Wapandit, Wahindu wenyeji wa bonde la Kashmir kaskazini mwa India, waliolihama bonde lao mwaka 1990 wakiyakimbia mauaji. Aliona wamesahauliwa, akawaandalia maonyesho.

Kwa hilo namheshimu. Mimi nimekulia mtaa wa Kiponda hapa Unguja, jirani na hekalu la Wahindu. Kila Diwali bibi mmoja wa Kihindi akituletea sahani ya ladu, imefunikwa kitambaa cheupe, na sahani haikurudi tupu: mama akiijaza tambi za Idi. Anayewaonea watu wale ananiumiza na mimi.

Lakini kumtetea jirani si lazima umshambulie jirani wa pili. Mwaka 2008, mjini Chennai, polisi walifunga maonyesho yake kuhusu Aurangzeb, mfalme Mwislamu wa India wa zamani aliyeshutumiwa kuwatesa Wahindu, baada ya Waislamu kulalamika. Kufungwa sikuungi mkono hata kidogo. Hata hivyo, mfalme aliyekufa mwaka 1707 asifanywe kesi ya fundi cherehani Mwislamu wa leo. Mwandishi akishachagua upande, basi na awahoji kwa ukali zaidi wale anaowapenda.

Ombi langu: watumeni waandishi wenu Kiponda na Hurumzi, wakae na wazee wa Kihindi waliobaki, wayaandike maisha yao hapa Unguja wangali hai.

Mwalimu mstaafu,
Kiponda, Unguja