Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Rekodi za Machapisho na Nukuu za Watafiti Wetu

Ndugu wanachama mlioko Bukavu, nanyi wa Goma na Uvira,

Mwaka huu kamati ilishughulika zaidi na rekodi za machapisho ya watafiti wetu wa tiba, jinsi zinavyosomeka katika PubMed, Scopus na Google Scholar, hifadhidata za mtandaoni za makala za kisayansi. Kabla ya kusikitika kwamba hatunukuliwi, yaani watafiti wengine hawataji makala zetu katika zao, tuhakikishe nukuu tulizokwisha kupata zinatufikia. Nyingi zinapotelea njiani.

Chanzo kikubwa ni jina. Mkongomani ana jina, postnomu (jina la pili linalofuata hilo) na prenomu (jina la kubatizwa, kama Jean), lakini hifadhidata hutafuta jina moja la ukoo na herufi za kwanza za mengine. Makala moja huingia kwa jina, ya pili kwa postnomu, ya tatu kwa prenomu, na kompyuta ikaona watu watatu. Hasara yake inahesabika. Faharisi ya h, iliyopendekezwa na Jorge Hirsch mwaka 2005, ni idadi ya makala zako ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara hiyo hiyo. Mwenye makala sita zilizonukuliwa mara 40, 15, 9, 6, 5 na 2 ana h ya 5. Mgawanye katika majina matatu, makala mbili mbili, na kila jina halitapita 2. Kazi ni ile ile, lakini kamati ya kupandisha vyeo itaona mtafiti mchanga.

Profesa Jean-Jacques Muyembe-Tamfum, mtafiti wetu wa Ebola, huandikwa kwa kistari, na kistari hicho hufanya majina mawili yasomwe kama moja. Katika makala ya New England Journal of Medicine ya 2019, iliyolinganisha dawa nne za Ebola kwa wagonjwa 681 wa mashariki mwa nchi yetu, wa kwanza ni Mulangu S na wa mwisho ni Muyembe-Tamfum JJ. Katika tiba, nafasi hizo mbili ndizo zenye uzito.

Basi chagua umbo moja la jina lako na usilibadilishe tena. Fungua ORCID, namba ya bure ya kumtambulisha mtafiti, yenye nafasi 16, na katika sehemu ya majina mengine uandike maumbo yote uliyowahi kutumia. Weka pia barua pepe yako binafsi: aliyejisajili kwa ile ya chuo tu hufungiwa nje siku anapohama. Katika Google Scholar, zima uongezaji wa makala wa kujiendesha, kwa sababu huleta kazi za watu mnaofanana majina. Makala iliyojitokeza mara mbili, iunganishe. Wasifu wa Scopus hutengenezwa na mashine, ila mwandishi anaweza kuomba uunganishwe bila kulipa. Taasisi nayo iandikwe kwa kirefu, Université Catholique de Bukavu, maana kifupi chake, UCB, ni pia jina la kampuni ya dawa ya Ubelgiji.

Anayeandika kwa Kifaransa atayarishe mwenyewe kichwa na muhtasari mzuri wa Kiingereza. PubMed huonyesha kichwa cha Kiingereza ndani ya mabano, na tafsiri mbovu huwapita wasomaji.

Kuhusu ada za kuchapisha makala: wachapishaji wengi huwasamehe waandishi wa nchi za kipato cha chini, lakini ombi hutolewa wakati wa kuwasilisha makala. Ikishakubaliwa, mara nyingi umechelewa. Jarida linaloahidi majibu kwa siku chache na kudai pesa haraka, litafuteni kwanza katika DOAJ, orodha ya majarida ya wazi yaliyokaguliwa.

Hata hivyo, kamati inapinga kumpima mtu kwa namba peke yake. Kigezo cha athari (impact factor) ni wastani wa nukuu za jarida zima kwa makala za miaka miwili iliyotangulia. Hakisemi lolote kuhusu makala yako, na Azimio la San Francisco la 2012 kuhusu tathmini ya utafiti lilikataa kitumiwe kumpima mtafiti mmoja mmoja. Ripoti ya mlipuko wa Ebola wa Yambuku wa 1976, iliyotoka mwaka 1978 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, ilitiwa jina la tume ya kimataifa. Waliochukua damu za wagonjwa hawasomeki katika jina hilo. Tumeviomba vyuo visome makala zenyewe, na vitazame nani alibuni utafiti, nani alikusanya takwimu, nani aliandika.

Usahihishaji wa rekodi unaendelea baada ya mkutano huu. Kila mmoja aje na orodha ya machapisho yake, DOI (namba ya kudumu ya makala mtandaoni) ya kila makala, na maumbo yote ya jina aliyowahi kutumia.

Mwenyekiti