Barua kwa mdogo wangu: methali zina kwao

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, huku sote wazima. Statasi zako za WhatsApp naziona kila asubuhi: twiga, jua linazama, na chini yake maneno ya hekima yaliyotiwa muhuri wa "methali ya Kiafrika". Picha nzuri. Huo muhuri ndio ulionifanya nikuandikie.

Afrika ina lugha zaidi ya 2,000. Ile ya juzi, kwamba kulea mtoto ni kazi ya kijiji kizima, ilivuma Marekani miaka ya 1990; mwulize anayeisambaza ni ya lugha gani, atababaika. Nawe una haja gani ya kuazima? Wahaya wana yao, "Omwana taba womoi", mtoto si wa mtu mmoja. Sisi tuna "Mkono mmoja haulei mwana", tena umelelewa kwayo, kwa kupokezanwa mgongoni na shangazi zako wote.

Halafu ukaweka "Ukiona vyaelea, vimeundwa", na picha ya tajiri kaegemea gari lake. Hapo nikacheka peke yangu. Hebu ukija twende Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ufukweni wanakounda majahazi. Fundi hana mchoro wa karatasi, anapima kwa jicho. Mataruma, yaani mbavu za chombo, anayatafuta kwenye matawi yaliyojipinda yenyewe, maana mti uliopindwa kwa nguvu haukai. Mbao zikishapigwa misumari bado kazi: mtu anachuchumaa kutwa nzima na patasi na nyundo, anashindilia pamba iliyolowa mafuta katika kila upenyo. Huko ndiko kutia kalafati. Mwisho chini hupakwa shahamu, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Siku ya kushusha chombo, yote hayo yanazama majini. Wa pwani anaona tanga tu.

Kwa hiyo methali hiyo ni ya aliyechuchumaa na patasi kuliko ya mwenye chombo. Tajiri wako mwache na gari lake.

Kuanzia kesho andika methali ni ya wapi. Ukiipenda ya Waganda au ya Waakani wa Ghana, mtafute mwenye lugha hiyo akuandikie kwa lugha yake kwanza, maana yake ifuate. Ukiishiwa, mpigie mjomba. Anazo za wavuvi, ingawa nusu yake huwezi kuziweka mama akiwa anatazama.

Kaka yako