Risala ya wagonjwa wa mapafu kwa mgeni rasmi, Mererani, Siku ya Kifua Kikuu Duniani

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti, manesi wetu, wanaapolo wenzangu, yaani wachimbaji, na kina mama wote, shikamooni na karibuni sana Mererani.

Mheshimiwa leo 24 Machi kila mahali wanaongelea TB, ila sisi wanakikundi tumeona tumuongelee nesi. Hapa tanzanite inachimbwa tangu 1967, na mashine ikipiga mwamba mkavu bila maji lile vumbi unalivuta kutwa nzima, linakaa mapafuni linaacha makovu, ndo silikosisi hiyo na haina dawa ya kuiponya. Halafu mwenye silikosisi TB inamkamata kirahisi mno, wengi wetu tunazo zote mbili.

Sasa mtu akikohoa anaambiwa TB, anameza dawa miezi 6, anamaliza bado anahema, anaanzishiwa tena. Mimi ninayesoma yalinikuta, nilirudishwa kwenye dozi kisa picha ya kifua ina madoa, makohozi hayakupimwa kabisa. Aliyeniokoa ni nesi aliyesomea mambo ya kifua, alikuja nyumbani na bodaboda, akakaa kwenye kigoda, akaniuliza baba umechimba miaka mingapi? Hilo swali hakuna aliyewahi kuniuliza!! Makohozi yakapelekwa, TB hamna, akaniandikia niende hospitali ya Kibong'oto.

Na nesi wa hivi akija haishii kwenye kifua chako. Anakubana kidole na kile kimashine cha kupima oksijeni, anachungulia jikoni, kama mama anapikia kuni ndani anaomba jiko litoke nje, mtoto anayekohoa naye anapimwa. Pampu za kuvutia dawa ya kifua wengi tulikuwa tunapuliza dawa inaishia kwenye ulimi, akatuonyesha kutoboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita tuichomeke pampu hapo, sasa dawa inafika chini. Akatufundisha na kuhema, unavuta kwa pua unatoa taratibu kama unapooza chai, na mzee wetu mmoja aliyekuwa hafiki hata chooni siku hizi anaenda msikitini mwenyewe.

Kibong'oto tunaishukuru mno, inatibu vifua tangu 1926, lakini iko Siha, mtu anayehema akiongea tu hawezi kupanda magari kila mwezi. Kwahiyo tunaomba manesi wa zahanati zetu wakasomee kifua na wakirudi wasihamishwe haraka, wapewe mafuta ya pikipiki maana huyu wa kwetu anaweka kwa hela yake mfukoni, na tupate japo mashine moja ya oksijeni ya kuazimana majumbani. Wenye migodi nao tunawaomba maji kwenye drili, hilo halingoji bajeti ya serikali.

Mheshimiwa, mwenzetu mmoja alifariki Januari. Nesi alikuwa anaenda kila jioni, akamfundisha mkewe kumkalisha na mito ili apate pumzi, akafa ametulia, kwenye kitanda chake. Huyo mama amekaa mstari wa pili hapo, mwenye kitenge cha bluu, tunaomba ukimaliza kuongea umsalimie.

Naomba kuwasilisha.