Kwenu vijana wa maghalani: ule haukuwa utani

Wanangu na wajukuu zangu mnaofanya kazi kwenye maghala ya korosho hapa Mtwara, marahaba kwa mlioniamkia, na kwa msioniamkia pia. Ukarani wa ghala nimeshaustaafu, ila msimu ukifunguliwa miguu hunileta hukohuko, na macho bado yanaona.

Nilichokiona msimu uliopita kimenikera. Mchukuzi mmoja, kijana wa Newala, alisimama kwenye kikao cha asubuhi kusema kwamba magunia ya lori fulani ni mazito isivyo kawaida, huenda yameingia maji. Kiswahili chake kina Umakonde: korosho kwake ni "kolosho", karani ni "kalani". Hajamaliza, karani mmoja msomi akamwiga neno kwa neno. Kikao kizima kikaangua kicheko, na msimamizi naye akicheka. Kijana akakaa chini.

Siku chache baadaye mvua ikanyesha, likaja lori ambalo turubai lake lilikuwa limeteleza upande mmoja. Sampuli za kupima unyevu zikatolewa kwenye magunia ya upande mkavu. Aliyebeba yale ya upande wa pili ni kijana yuleyule, na bega la mchukuzi halidanganyiki. Safari hii akanyamaza. Mzigo ukapangwa pamoja na korosho kavu, na ukungu ulipokuja kuonekana ulikuwa umeshatambaa hadi magunia ya jirani. Mkaanza kuulizana kwa hasira: kwa nini hakusema? Aseme mara ngapi?

Nikamwita yule karani pembeni. Akanijibu, "Babu, ule ulikuwa utani tu."

Hapo ndipo aliponichokoza. Utani sisi tumelelewa nao, una kanuni zake. Wahehe na Wangoni walipigana vita vya kweli karne ya 19, wakauana, na leo ni watani. Mtani anakusema usoni, nawe unamsema vilevile au zaidi, na anayenuna ndiye anayeonekana mshamba. Ukifiwa, mtani anakuja kuvuruga msiba, anadai alipwe ndipo maiti itoke, anawachekesha hata wajane. Kisha anashika jembe na kwenda kuchimba kaburi. Haki ya kukucheka ameilipia kwa jasho.

Sasa wewe karani, niambie. Yule mchukuzi naye angesimama akaiga jinsi unavyotembea, ungecheka? Au kesho yake jina lake lisingeonekana kwenye orodha ya vibarua? Akifiwa na mama yake huko Newala, utapanda gari uende? Kama hapana, basi usijifiche nyuma ya mila za watu. Ulimdharau mtu asiye na ruhusa ya kukujibu, na aliyekulipia gharama ni mkulima mwenye korosho zake.

Na ninyi wenyeji msichekelee, fimbo hii ina ncha mbili. Yule binti wa Kagera anayepima unyevu amekaa nasi misimu kadhaa, bado mnamwita "wa kuja". Akisogea mnakoketi, mnahamia Kimakonde ghafla, hata walioanza habari kwa Kiswahili. Akikosea ni kosa la kabila lake zima. Akifanya vizuri, amebahatisha. Vita vya Maji Maji vilipoanza Umatumbi mwaka 1905, Wamatumbi, Wangindo na Wamwera walisimama pamoja, kila watu na lugha yao. Wajukuu zao wanashindwa kugawana kivuli cha mwembe mmoja saa ya chakula!

Mengine nayapitia haraka. Anayefunga Ramadhani apewe zamu isiyomuua kama nafasi ipo. Anayesali Jumapili naye aulizwe kabla ratiba haijabandikwa. Mwenye mimba habebi gunia, hilo halina mjadala. Kiziwi mtazameni usoni mnapomwelekeza. Kumpigia kelele hakumsaidii chochote. Na mzee aliyebaki kazini msimwite mzigo mbele ya wateja.

Wakubwa wa kazi nao nisiwasahau, maana msimamizi akicheka, ghala zima linapata kibali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa kabila, mahali mtu alikotoka, dini, jinsia, ulemavu, umri na mengine. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Mnazijua, mmezifungia kwenye makabati. Watoto wetu tunawafundisha kwamba taifa hili halina ukabila, kisha tunawapeleka kazini wakaukute umevaa tai.

Aliyemwiga mwenzake anajijua, sina haja ya kumtaja. Amwombe radhi mbele ya walewale waliocheka, kabla lori la kwanza la msimu halijashusha mzigo. Msimamizi naye awepo.