Risala ya Wachezaji wa Mpira wa Kikapu wa Viti vya Magurudumu kwa Mgeni Rasmi, Malindi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, wazee wetu, mama zetu, wanafunzi mliotupisha uwanja wenu, na wageni wote waalikwa: Assalaam aleikum, na hamjambo.

Sisi wachezaji wa mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu wa hapa Malindi tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tumeomba nafasi hii tukueleze habari za afya yetu, kwa sababu mchezo huu umetujenga, na hatungependa uje utubomoe kwa kukosa vitu ambavyo vinapatikana.

Mchezo wenyewe ulianzishwa Marekani katika miaka ya 1940 na askari waliorudi vitani wakiwa na majeraha, na mwaka 1960 ulikuwamo katika Paralimpiki ya kwanza mjini Roma. Ringi iko mita 3.05 kutoka chini, sawa na ya wanaocheza kwa miguu. Kila mchezaji hupewa alama kulingana na uwezo wa mwili wake, kuanzia 1 kwa mwenye uwezo mdogo zaidi hadi 4.5, na jumla ya alama za watano wa timu moja walio uwanjani haipaswi kuzidi 14. Kanuni hiyo tunaipenda kuliko zote, maana mwenzetu asiyeweza hata kuinamisha kiwiliwili ana nafasi yake katika timu kwa haki, wala si kwa kuonewa huruma.

Kabla ya mazoezi haya wengi wetu tulikuwa watu wa barazani: tunatolewa asubuhi, tunaingizwa jioni. Leo tunalala usingizi, pumzi imeongezeka, na tumejifunza kuhama kutoka kitini hadi kitandani bila kubebwa. Tena tuna watu wa kutuuliza tulikuwa wapi tunapokosekana, na hilo peke yake ni dawa.

Lakini, Mheshimiwa, bega linalorusha mpira ndilo linalosukuma kiti kutoka nyumbani, ndilo linalotuinua kuingia kwenye tuktuk, na likiharibika tumepoteza mkono na mguu kwa siku moja. Ndiyo maana tumekata tyubu kuukuu za baiskeli, tukazifunga kwenye mlingoti wa goli, na kila jioni kabla ya kugusa mpira tunazivuta kuelekea kifuani ili misuli ya nyuma ya bega ipate nguvu. Hata hivyo tyubu haziwezi kurekebisha kiti kisichomfaa mtu. Kiti kikiwa kipana mno, mchezaji hutanua viwiko kama kuku anayekausha mbawa, na uzito wote huangukia begani. Kiti cha mchezo huwa na magurudumu yaliyotanuka chini ili kigeuke upesi bila kupinduka, na hutakiwa kupimwa kwa mwili wa mtumiaji. Sisi tunavyo sita, nasi ni kumi na mmoja, kwa hiyo tunaazimana.

Liko jambo la ngozi pia. Mwenzetu mmoja, ambaye hana hisia kuanzia kiunoni, alicheza wiki nzima juu ya mto uliokwisha kubonyea, na mama yake ndiye aliyeona, wakati wa kumwogesha, doa jekundu la ukubwa wa shilingi. Doa lile liligeuka kidonda kilichomlaza kwa miezi. Tangu hapo, kila filimbi ya mapumziko inapolia, sote tunashika magurudumu na kujiinua ili damu ipite, na kila mmoja ana kioo kidogo cha kujikagulia nyumbani.

Joto la kaskazi nalo si mzaha kwetu, kwa kuwa aliyeumia uti wa mgongo sehemu za juu hatoki jasho chini ya pale alipoumia, na mwili wake hupanda joto haraka. Tunaanza baada ya alasiri, tunaweka leso mbichi shingoni, na tunahimizana kunywa maji. Hapa ndipo penye uchungu wetu mkubwa: wapo wachezaji, hasa wa kike, wanaokataa maji tangu mchana kwa sababu kiti hakipiti kwenye mlango wa choo cha uwanja. Maambukizi ya njia ya mkojo yanayofuata huwarudisha hospitali mara kwa mara, na figo zao ziko hatarini.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinatupa haki ya kufika kila mahali kwa wepesi unaostahili. Kwa heshima tunaomba mlango huo upanuliwe na uwekewe mteremko, tupatiwe viti vinne vya mchezo na mito ya kukalia, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo atutembelee walau mara moja kwa mwezi kukagua mabega yetu.

Baada ya risala hii utatuona tukicheza watatu kwa watatu, na watano wakingoja kando kupokezana viti. Kabla hujaondoka, Mheshimiwa, tunakuomba ufuatane nasi hadi kwenye mlango ule; futi ya fundi tumeiweka pale, upime mwenyewe.

Ni sisi, wachezaji wako wa Malindi.