Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: Ipeni stashahada heshima yake

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu Chuo Kikuu cha Egerton, na hasa kuhusu wahitimu ambao chuo kile kilikuwa kikituletea mashambani.

Mwaka 1939 Lord Maurice Egerton alianzisha shule ya kilimo pale Njoro kwenye ekari 740. Ilikuwa ya vijana wa kizungu. Mwafrika hakuwa na nafasi darasani. Hilo lisemwe waziwazi kila historia ya chuo inaposimuliwa, maana aliyetoa ardhi husifiwa mno na waliofungiwa mlango husahaulika. Mwaka 1950 shule ikapandishwa kuwa chuo cha kilimo, chenye cheti cha mwaka mmoja na stashahada ya miaka miwili. Mwaka 1958 ziliongezwa ekari 1,100, na muda si muda chuo kikapokea wanafunzi wa rangi zote, Wakenya na Waafrika wa nchi nyingine.

Kwangu mimi, hapo ndipo kilipoanza kuwa chetu. Stashahada ya Egerton ilimtoa afisa wa nyanjani aliyejua kushika jembe na kueleza sababu.

Mwaka 1986 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1987 kikawa chuo kikuu kamili. Sikulaumu hilo hata kidogo; watafiti tuliwahitaji, na tunawahitaji bado. Kosa letu kama taifa ni kuanza kuiona stashahada kama fungu la waliokosa digrii.

Viwavijeshi vamizi vilipoingia mwaka 2017, wakulima wengi walinyunyizia dawa majani ya juu huku mdudu amejificha ndani ya moyo wa mhindi. Anayejua kazi hupanua majani machanga kwa vidole, akatafuta kinyesi kibichi kama unga wa msumeno, kisha akakuonyesha kiwavi mwenyewe. Ujuzi huo haupatikani kwa kukaa ukumbini na wanafunzi mia tatu.

Najua ugani, yaani kazi ya kuwashauri wakulima mashambani, sasa uko mikononi mwa kaunti. Lakini sera ya kilimo ni yako, Mheshimiwa. Kaa na mwenzako wa Elimu na magavana, mtenge fedha za kufadhili wanafunzi wa stashahada ya kilimo, muda wao mwingi uwe shambani, na kaunti ziahidi kuwaajiri kabla hawajahitimu. Tungependa kuliona fungu hilo katika bajeti ijayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa mahindi, Kaunti ya Nakuru