Runinga si redio yenye picha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mtindo wa runinga za habari kurusha vipindi vya redio. Saa 12 asubuhi nafungua televisheni nipate taarifa, nakuta watangazaji watatu wamevaa visikilizio, midomo imefichwa na maikrofoni, wanasoma ujumbe wa wasikilizaji. Wakitaja mafuriko ya bonde la Jangwani hapa Dar es Salaam, maji hatuyaoni. Jirani yangu ni kiziwi. Hukaa mbele ya skrini hiyo bila mkalimani wa lugha ya alama, na hata midomo hawezi kuisoma. Huyo redio imemsaidia nini?

Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, tulinunua ving'amuzi tukiahidiwa picha bora na vipindi vingi. Najua kumtuma mpigapicha mikoani ni gharama, na redio naipenda, lakini mahali pake napajua.

Naiomba TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano na utangazaji nchini Tanzania, iweke kikomo cha saa za vipindi hivi kwa siku, na kila kinachorushwa kiwe na mkalimani pamoja na picha za tukio linalozungumzwa. Wenye vituo nao waanze na nusu saa tu ya taarifa kamili kila asubuhi.

Mtazamaji,
Dar es Salaam